Jina lako, jina la biashara au kampuni: uchaguzi wa mwenye mshahara na kazi ya pembeni Kenya

Kila mwaka Juni ikikaribia naulizwa swali moja na watu tofauti: "Si ufungue kampuni tu, ulipe ushuru kidogo?" Mimi ni mwajiriwa, Mombasa. Mchana niko ofisini. Usiku na Jumamosi natafsiri mikataba, ripoti za mashirika na vitini vya mafunzo. Kazi hiyo ya usiku ndiyo inayolipa karo nyumbani kwangu, kwa hiyo naichukulia kwa uzito. Nilianza kwa jina langu mwenyewe, nikafungua kampuni, nikaifunga, na sasa natumia jina la biashara. Njia zote tatu nimezipita, na kila moja imenigharimu kitu.

Jibu langu kwa swali lile huwashangaza wengi. Ukiwa na mshahara, ushuru wa kazi yako ya pembeni huamuliwa na mshahara huo kuliko cheti ulichosajili. Kampuni ina faida zake, lakini kupunguza ushuru wa mtu wa kiwango chetu si mojawapo. Nitaonyesha kwa hesabu.

Mshahara umeshakalia ngazi za chini

Ushuru wa mapato Kenya hupanda kwa ngazi. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023, shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10. Shilingi 100,000 zinazofuata, asilimia 25. Kutoka hapo hadi milioni 6 ni asilimia 30, halafu 32.5 hadi milioni 9.6, na zaidi ya hapo 35. Kila mkaazi wa Kenya ana nafuu, yaani kiasi kinachopunguzwa kwenye ushuru wenyewe, ya shilingi 28,800 kwa mwaka, yaani 2,400 kwa mwezi, nayo hupewa mara moja tu.

Sasa chukua mtu mwenye mshahara wa kutozwa ushuru wa 60,000 kwa mwezi baada ya makato ya NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na nyumba. Kwa mwaka ni 720,000. Mwajiri wake ameshatumia ngazi ya asilimia 10, ameshatumia ya 25, na nafuu imeshaondolewa kwenye PAYE, ule ushuru unaokatwa kwenye mshahara. Shilingi ya kwanza inayoingia kutoka kazi ya pembeni haikuti nafasi huko chini. Inakaa moja kwa moja kwenye asilimia 30.

Tuseme mtu huyu ametafsiri kazi za 480,000 kwa mwaka, na gharama zake halali ni 130,000. Faida ni 350,000. Hebu tuiweke faida hiyo hiyo mikononi mwa watu watatu: mwajiriwa, mtu asiye na mshahara anayeishi kwa kazi hii peke yake, na kampuni yenye mwanahisa mmoja anayegawiwa faida yote (hilo ndilo gawio).

| | Mwenye mshahara, kwa jina lake | Asiye na mshahara, kwa jina lake | Kampuni |
|---|---|---|---|
| Faida | 350,000 | 350,000 | 350,000 |
| Ushuru wa mapato | 105,000 | 15,500 | 105,000 |
| Ushuru wa gawio | hakuna | hakuna | 12,250 |
| Kinachobaki mfukoni | 245,000 | 334,500 | 232,750 |

Tazama safu ya kati na ya kwanza. Kazi ile ile, faida ile ile, na tofauti ya karibu elfu tisini. Haikuletwa na cheti. Imeletwa na mshahara.

Sasa tazama kampuni. Hutozwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, haina ngazi wala nafuu. Ukitaka kuitoa hela kama gawio, asilimia 5 nyingine hukatwa. Jumla yake ni asilimia 33.5 ya faida. Hata mtu ambaye mapato yake yamefika ngazi ya 32.5 haokoi kitu kwa kampuni. Aliyefika 35 anaokoa moja na nusu, na hiyo itamezwa na mhasibu. Ukiamua kujilipa mshahara kutoka kampuni yako badala ya gawio, PAYE itakukuta kwenye ngazi ile ile ya 30, na kampuni itabeba mchango wa mwajiri wa nyumba na wa NSSF juu yake.

Kuna hali moja tu ambapo kampuni inasaidia kiushuru mtu mwenye mapato makubwa: faida ikibaki ndani, inunue vifaa na kuajiri, basi inakatwa 30 na kusimama hapo mpaka siku ya kugawana. Lakini anayefanya kazi ya pembeni kwa ajili ya karo na kodi ya nyumba hawezi kuiacha hela ikae huko.

Vyeti vitatu, na kila kimoja kinaleta nini

Kwa jina lako mwenyewe huhitaji kusajili kitu kwa Msajili wa biashara na kampuni. PIN yako ya KRA, mamlaka ya ushuru, ndiyo PIN ya biashara; unaongeza tu wajibu wa mapato ya biashara kwenye ritani yako, ile taarifa ya mapato ya kila mwaka. Mteja anakulipa wewe, mkataba unaandikwa kwa jina lililo kwenye kitambulisho. Kwa kupokea malipo madogo madogo, Pochi la Biashara ya M-Pesa hutenganisha hela ya wateja na ya nyumbani bila kudai cheti. Nilifanya hivi miaka minne na sikuona kasoro, mpaka nilipoanza kutafutwa na mashirika.

Jina la biashara linasajiliwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa karibu shilingi 1,000. Watu wengi wanadhani likishasajiliwa limekuwa kitu cha pekee, kama kampuni. Si hivyo. Mbele ya sheria, wewe na jina hilo ni mtu mmoja. Ushuru ni ule ule, PIN ni ile ile, na deni la biashara ni deni lako. Linachokupa ni jina la kuweka juu ya ankara, akaunti ya benki ya biashara na namba ya Till. Kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, linafungua pia mlango wa AGPO, ule mpango unaowatengea asilimia 30 ya zabuni za serikali. Kwa elfu moja, sijaona ununuzi wa maana kuliko huo.

Kampuni yenye dhima ndogo hugharimu elfu kumi na kidogo kusajili. Tangu Sheria ya Kampuni ya 2015 mtu mmoja anaweza kuwa mkurugenzi na mwanahisa peke yake, na halazimiki kuwa na katibu wa kampuni ikiwa mtaji uliolipwa haujafika milioni 5. Kufungua ni rahisi sana, na hapo ndipo nilipoteleza.

Mteja mmoja mkubwa aliniambia hafanyi kazi na mtu binafsi. Wiki ile ile nikajaza fomu, cheti kikaja, nikakiweka ukutani. Mteja hakurudi. Kampuni haikuwahi kutoa hata ankara moja, nami nikaiacha ilale, nikiamini kwamba kampuni isiyofanya kazi haiwezi kuwa na deni. Miaka miwili baadaye nilifungua iTax, mtandao wa KRA, kwa PIN ya kampuni kwa sababu nyingine kabisa, nikakuta adhabu ya shilingi 20,000 kwa kila ritani ambayo sikuwasilisha. Elfu arobaini, kwa kampuni ambayo haijaingiza senti. Mtu binafsi anayechelewa adhabu yake ya chini ni 2,000. Kampuni ni 20,000, au asilimia 5 ya ushuru wenyewe ikiwa ni kubwa zaidi. Juu ya ritani ya KRA, kampuni inadaiwa ritani ya mwaka kwa Msajili na taarifa za wamiliki wake halisi. Na kuifunga si kubonyeza kitufe kimoja. Kuna maombi, tangazo katika Gazeti Rasmi na miezi ya kungoja, huku ritani tupu zikiendelea kudaiwa.

Pamoja na hayo, kampuni ina jambo moja ambalo hizo nyingine hazina, nalo ni ukuta. Ukitafsiri vibaya kifungu cha mkataba na mteja akapata hasara ya milioni, ukiwa kwa jina lako au jina la biashara, anaweza kuja mpaka kwenye shamba lako. Kampuni ikishtakiwa, kinachofuatwa ni mali ya kampuni. Ukuta huo una mapengo: benki ikikukopesha itakutaka wewe mkurugenzi utie sahihi ya dhamana kwa mali yako, na ukichanganya hela ya kampuni na ya nyumbani umeubomoa mwenyewe. Lakini kwa anayeweka nyaya za umeme kwenye nyumba za watu, anayejenga programu ya malipo, anayesafirisha mizigo, ukuta huo una thamani kubwa kuliko hesabu yoyote ya ushuru. Kwa mpiga picha wa harusi au mtafsiri wa vitini, mkataba mzuri wa kurasa mbili unatosha.

Wakiwa wawili au zaidi wenye kazi moja, kuna ushirika wenye dhima ndogo chini ya sheria ya 2011. Unawapa ukuta, na kila mshirika hutozwa ushuru kwa sehemu yake kama mtu binafsi. Sijautumia mwenyewe, lakini kwa marafiki wawili wanaofanya ushauri pamoja ningeuangalia kabla ya kampuni.

Ushuru wa mauzo: mlango ambao wengi wetu hauturuhusu

Hili ndilo eneo lenye makosa mengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mbali na njia ya kawaida ya kutoza faida, Kenya ina ushuru wa mauzo, unaojulikana kama TOT. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, bila kuondoa gharama, kwa biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Unalipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukishalipa, mapato hayo hayaguswi tena. Asilimia 3 dhidi ya 30! Ndiyo maana kila mtu anaushauri.

Ila sheria imetoa nje ada za usimamizi, za taaluma na za mafunzo. Na ada ya taaluma kwa maana ya Sheria ya Ushuru wa Mapato ni pana: malipo ya kazi ya usimamizi, ya kiufundi, ya uwakala, ya kitaaluma au ya ushauri, vyovyote itakavyohesabiwa. Mtafsiri yumo humo. Mwandishi wa programu yumo. Mhasibu wa jioni, mchoraji wa nembo, mwalimu wa mafunzo ya kampuni, wote wamo. Kwa maneno mengine, anayeuza ujuzi wake hana TOT, hata mauzo yake yakiwa ndani ya mipaka. Njia yake ni moja: kuweka rekodi za gharama na kutozwa kwa faida.

Anayeuza bidhaa ana uchaguzi, na uchaguzi wake unategemea mambo mawili: faida yake ni asilimia ngapi ya mauzo, na kama ana mshahara.

Jirani yangu ni mwalimu na anaoka keki za harusi na za siku ya kuzaliwa. Tuseme anauza keki za 100,000 kwa mwezi, milioni 1.2 kwa mwaka, na katika kila mia anabaki na thelathini baada ya unga, mayai, siagi, gesi na bodaboda. Faida ni 360,000. Kwa njia ya kawaida, mshahara wake wa ualimu ukiwa umeshakalia ngazi za chini, angelipa 108,000. Kwa TOT analipa 36,000. Hapo hakuna cha kujadili.

Sasa mwondoe darasani, aishi kwa keki tu. Faida ile ile ya 360,000 kwa njia ya kawaida: 288,000 kwa asilimia 10 ni 28,800, na 72,000 kwa 25 ni 18,000, ondoa nafuu ya 28,800, anabaki kulipa 18,000. TOT bado ni 36,000. Jibu limegeuka. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna kwamba hataki TOT, akarudi kwenye njia ya kawaida.

Na kwa mwajiriwa anayeuza kitu chenye faida nyembamba, kama sukari na unga wa jumla, mstari uko kwenye asilimia 10. Faida yako ikiwa chini ya shilingi kumi katika kila mia ya mauzo, TOT inakula zaidi ya njia ya kawaida, na mwezi wa hasara itakudai vile vile.

Mauzo yakiwa chini ya milioni 1 kwa mwaka, TOT haipo kabisa. Hiyo haimaanishi hakuna ushuru, ingawa ndivyo inavyosemwa sokoni. Faida inaingia kwenye ritani ya mwaka pamoja na mshahara.

Muokaji ana mambo mengine ambayo mtafsiri hana: leseni ya biashara ya kaunti na cheti cha afya cha mtu anayeshughulikia chakula. Ukipikia nyumbani bado uliza ofisi ya kaunti kabla ya kununua oveni ya pili.

Asilimia 5 inayokatwa njiani

Kampuni ya Kenya ikikulipa ada ya taaluma, na malipo ya mwezi yakafika 24,000, inatakiwa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa PIN yako. Huu ni ushuru wa zuio. Umetoa ankara ya 50,000, zimeingia 47,500. Mara ya kwanza nilipiga simu nikilalamika kwamba nimepunjwa. Sikuwa nimepunjwa, ile 2,500 ni ushuru niliolipa mapema, na inaondolewa kwenye deni langu la mwaka.

Inaondolewa, lakini kwa sharti kwamba cheti chake kimeonekana iTax. Mteja akikata na asiipeleke, wewe huna kitu cha kuonyesha. Sasa nina mazoea: kila malipo yakiingia, baada ya wiki mbili naingia iTax na kuangalia kama cheti kimetokea. Kisipotokea naandika barua pepe siku hiyo hiyo, mteja angali anakumbuka. Ukisubiri mpaka Juni utamtafuta mhasibu aliyeshaacha kazi.

Rudi kwa mtafsiri wetu wa 480,000. Tuseme 300,000 zimetoka kampuni za Kenya, zikakatwa 15,000. Zilizobaki, 180,000, zimetoka kwa mteja wa nje zikaingia PayPal, halafu M-Pesa. Deni lake ni 105,000 kasoro 15,000, yaani 90,000. Kwamba hela imetoka nje hakubadilishi kitu. Anayeishi na kufanyia kazi yake Kenya anatozwa Kenya.

Na asingekuwa na risiti za ile 130,000? Angetozwa kwa 480,000 nzima: 144,000 badala ya 105,000. Elfu thelathini na tisa kwa kutoweka karatasi. Tangu Januari 1, 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi, kwa hiyo ukinunua laptopu au ukikarabati printa, toa PIN yako dukani kabla ya kulipa. Laptopu haiondolewi yote mwaka mmoja. Ni asilimia 25 ya bei yake kila mwaka, kwa mafungu sawa, hivyo ya 80,000 inakupunguzia faida kwa 20,000 mwaka wa kwanza. Rekodi zote ziweke miaka mitano.

Upande wa pili wa sheria hiyo ni kwamba wateja wako nao wanadai ankara ya eTIMS kutoka kwako, maana bila hiyo hawawezi kuhesabu malipo yako kama gharama. Huhitaji mashine. Kuna eTIMS Lite mtandaoni, na *222# kwa simu ya kawaida. Jisajili kabla ya mteja kuuliza. Nimeona kazi nzuri ikienda kwa mwingine kwa sababu ya siku tatu za kuchelewa.

VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, nitaipita haraka. Mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka unasajiliwa, unatoza asilimia 16 na kuwasilisha kila mwezi kabla ya tarehe 20. Mshahara hauhesabiwi kwenye hiyo milioni 5. Huduma zinazouzwa nje ya nchi zimewekwa kwenye asilimia sifuri tangu Julai 2023. Wengi wetu hatujafika hapo.

Fomu na tarehe

Mwenye mshahara na kazi ya pembeni anajaza ritani moja. Kosa linalofanywa zaidi ni kuchagua ile fupi ya mapato ya ajira pekee kwa sababu inajijaza kutoka P9, ile karatasi ya mwaka ya mshahara na PAYE, ukabonyeza na kulala. Vyeti vyako vya zuio viko pale pale kwenye mtandao wa KRA, vikionyesha kwamba ulilipwa na watu watano ambao hukuwataja. Pakua fomu kamili ya mtu binafsi, kubali kwamba una mapato mengine, jaza mauzo na gharama, kisha orodhesha vyeti vya zuio kimoja kimoja.

Ritani mwisho wake ni Juni 30. Ushuru wenyewe, hata hivyo, ulitakiwa kulipwa Aprili 30. Miezi hiyo miwili imewagharimu watu wengi ninaowajua: adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi, kwa mtu aliyewasilisha ritani yake kwa wakati na kujiona msafi. Tena, deni la mwaka likizidi 40,000, kama hilo la 90,000, sheria inataka ulilipe kwa awamu nne ndani ya mwaka wenyewe: tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba.

Nami nimejifunza kuhamisha robo ya kila malipo kwenda akaunti nyingine siku hiyo hiyo yanapoingia, kabla sijamwambia mtu kwamba nimelipwa.

Mwajiri wako

Kabla ya cheti chochote, soma mkataba wako wa kazi. Mingine inakataza kazi nyingine, mingine inataka uombe ruhusa kwa maandishi. Mtumishi wa umma ana sheria za mgongano wa masilahi na tamko la mali, na wakurugenzi na wanahisa wa kampuni huonekana kwa yeyote anayeitafuta kampuni hiyo kwa Msajili. Kompyuta ya ofisi usiiguse kwa kazi yako. Kazi iliyofanywa katika ajira ni mali ya mwajiri, na hutaki siku moja kubishana kuhusu faili ilitengenezwa saa ngapi. Kwa wateja wako, jua pia kwamba Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humpa aliyeagiza kazi haki ya kazi hiyo, msipoandikiana vinginevyo. Mchoraji anayetaka kuuza michoro yake tena aandike hilo kabla ya kushika kalamu.

Ningemshauri nani nini

Aliyeanza mwaka huu na ana wateja wawili watatu: jina lako, PIN yako, eTIMS, na daftari la gharama. Usisajili kitu.

Mwenye wateja wa kudumu, anayeulizwa "kampuni yenu inaitwaje": jina la biashara. Mara tisa katika kumi, anayesema hafanyi kazi na mtu binafsi huridhika akiona cheti cha usajili, PIN na ankara ya eTIMS. Muulize kwanza kwa barua pepe ni karatasi gani hasa anazozihitaji. Ningemuuliza yule wangu, ningekuwa na elfu arobaini zangu.

Kampuni mwachie mwenye kazi inayoweza kumwumiza mtu au kumtia hasara kubwa, mwenye mwenzake anayetaka hisa, au mwenye zabuni iliyoandika wazi kwamba kampuni ndiyo inayokubalika, na zabuni yenyewe iko mkononi. Siku ya kwanza ya kampuni weka mezani hela ya mhasibu ya mwaka mzima. Kama hela hiyo inakuuma, ngoja.

Na anayepanga kuacha ajira akaishi kwa kazi yake afanye hesabu upya mwaka huo, kwa sababu majibu ya juu yanageuka. Ngazi za chini zinarudi kwake, nafuu ya 28,800 inarudi, muokaji anaweza kutaka kutoka TOT, na SHIF iliyokuwa ikikatwa ofisini anaanza kuilipa mwenyewe, asilimia 2.75 ya mapato, isiyopungua 300 kwa mwezi. Akiacha katikati ya mwaka, aidai P9 yake ya miezi aliyofanya kazi kabla hajarudisha funguo za ofisi.